Asilimia Hamsini na Tisa

Vesterby, Minnesota
9 Septemba 2024

Mpwa wangu Marit,

Naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata, maana nikianza na salamu nitajaza karatasi na kusinzia kabla sijasema kitu. Kwa miaka thelathini na sita nimeficha jinsi Chuo cha Haugdal kilivyopata ile asilimia hamsini na tisa ya mwaka 1988. Mimi ndiye niliyekuwa mkurugenzi wa udahili, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Daktari anasema moyo wangu umebakiwa na majira mamoja ya baridi, na sitaki kuondoka na jambo hili kifuani. Nitakueleza. Nipe muda tu.

Haya, salamu sasa. Mimi mzima, kwa kiasi cha mtu wa miaka themanini na minane anayepumua kwa mpira wa puani. Chakula cha nyumba hii ya wazee ni kilekile: Jumatatu viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, Jumanne kilichobaki cha Jumatatu. Muuguzi wangu, Hodan, binti wa Kisomali aliyekulia Saint Cloud, anasema nikiendelea kulalamika ataniletea pilipili ya mama yake ili nilalamike nikiwa na sababu. Bwana wa chumba cha pili amefariki, yule aliyekuwa akiniibia gazeti. Sasa nalisoma peke yangu na sioni raha.

Vipi mumeo Dale, na injini zake za boti? Na binti yenu Linnea, bado anakuzidi urefu?

Kwenye kadi yako umeuliza mambo mawili. Umesema kijitabu cha Haugdal kinadai kwamba hukubaliwa waombaji hamsini na wawili tu kati ya mia, na kwamba wahitimu tisini na wanne kati ya mia huwa wana kazi au wanaendelea na masomo miezi sita baada ya kumaliza. Unataka kujua kama ni kweli, kwa sababu Linnea anataka kuomba. Nakujibu la pili kwanza, ndilo jepesi.

Miaka ishirini na miwili niliyokaa kwenye kiti kile, hesabu ya kazi tuliipata hivi. Chukua wahitimu mia tatu na kumi. Tunawaandikia wote. Wanaojibu ni mia mbili. Katika hao, mia na themanini na wanane wana kazi au shule. Basi, tisini na wanne kati ya mia. Waliobaki mia na kumi hawakujibu, na asiyejibu hakuhesabiwa. Sasa fikiri mwenyewe: kijana amepata kazi nzuri Minneapolis, ataacha kujibu? Na yule anayelala kwenye sofa la mama yake, atanunua stempu atuarifu?

Na hiyo kazi yenyewe tuliipima kwa ukarimu. Kuna msichana aliandika kwamba anawalea watoto wa dada yake mpaka apate kitu. Karani wangu aliuliza, "Huyu nimweke wapi?" Nikamwambia, "Weka kwenye elimu ya watoto wadogo."

Sikudanganya hata neno moja, Marit. Nilipanga tu viti.

Niandikie. Simu usihangaike nayo, siisikii.

Mjomba wako,
Orrin


Duluth, Minnesota
29 Septemba 2024

Mjomba Orrin,

Shikamoo zako nyingi kutoka kwetu sote. Pole kwa mwenzako wa gazeti. Tuko salama. Dale amejikata kidole kwa pangaboi la boti, kimeshonwa nyuzi nne, naye anajisifu kama aliyerudi vitani. Linnea ameacha kurefuka, nadhani kwa sababu mlango wa jikoni umemkatalia. Mimi nimepandishwa cheo. Msimu huu nitasimamia magari yote ya kusukuma theluji ya wilaya, kumi na manne, pamoja na madereva wake, ambao ni wagumu kusukuma kuliko theluji.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Dale alicheka mpaka akaumia kidole. Linnea hakucheka.

Akasema, "Mama, kwa hiyo hawa watu ni waongo."

Nikamwambia, "Si waongo. Wanapanga viti."

"Babu Orrin amesema mwenyewe kwamba anaficha kitu."

"Babu Orrin ana miaka themanini na minane. Mwache afiche anachotaka."

"Wewe hutaki niende kule kwa sababu walikukataa."

Nikaanza kuondoa sahani, Mjomba. Unajua mimi nikikimbilia vyombo huwa nina sababu, na mwanangu naye anajua.

Basi nikwambie ukweli wangu, maana wewe umeanza. Ndiyo, sitaki aende. Niliomba Haugdal mwaka 1988, na si kwa sababu ulikuwa ukifanya kazi pale. Nilipenda ile maktaba yenye madirisha marefu. Barua ilipokuja ilikuwa nyembamba, mstari mmoja na nusu. Krismasi ile, pale kwenu, tukiwa tunasubiri viazi, uliniambia taratibu: "Ni hesabu tu, Marit. Hesabu ndiyo iliyokuangusha." Nikasema sawa. Nikarudi chuo cha jimbo nilikokuwa nimeanza, nikaona kila darasa linanitazama kama linajua siri yangu, mwaka ulipoisha nikatoka. Sijutii maisha yangu. Nina Dale, nina magari kumi na manne. Ila tangu siku ile kila fomu yenye tarakimu huwa nampa Dale ajaze.

Sasa alama za Linnea ni zilezile zangu, karibu moja kwa moja. Nimezitoa kabatini nikazilinganisha. Sitamsimamisha kwenye mlango niliofungiwa mimi, aje aambiwe na mtu mpole kwamba ni hesabu tu.

Kwa hiyo swali langu ni moja, nakuomba ulijibu. Hesabu yangu ilikuwa mbaya kiasi gani? Nipe namba. Nikijua pengo lilikuwa kubwa kiasi gani, nitajua nimwambie nini mwanangu. Mwisho wa kuomba ni tarehe kumi na tano Januari.

Msalimie Hodan. Mwambie pilipili ailete.

Mpwa wako,
Marit


Vesterby
20 Oktoba 2024

Mpwa wangu mpenzi,

Hongera sana kwa cheo. Nilimwambia Hodan kwamba mpwa wangu anasimamia magari kumi na manne, akasema, "Basi mzee, mwombe moja lije likuondoe kwenye hicho kiti." Pilipili imeletwa. Nimeila siku tatu na ulimi wangu umezaliwa upya. Pole ya Dale mfikishie, na mwambie nyuzi nne si vita, ni doria.

Majani yote yamepukutika hapa. Ziwa bado halijaganda, lakini wazee wa mezani kwangu wameshaanza kubishana litaganda lini.

Nilikuahidi kukueleza ile asilimia, na leo nina pumzi. Kaa chini.

Mwaka 1986 tulipata rais mpya wa chuo, Dakta Whitcomb, mtu mrefu kutoka mashariki mwenye tai za vipepeo. Siku ya kwanza aliniita.

Akasema, "Orrin, mnakubali watu themanini kati ya mia."

Nikasema, "Ndiyo, bwana. Ni watoto wazuri."

Akasema, "Mlango ulio wazi hivyo haumtamanishi mtu."

Alitaka tushuke chini ya sitini. Alisema ukikataa wengi unaheshimiwa, na ukiheshimiwa wataomba wengi, kisha utawakataa wengi zaidi bila jasho. Nilimwona kichaa. Miaka mitano baadaye kila chuo kilifanya hivyo.

Sasa, njia ya kushusha ile namba ni mbili: uongeze wanaoomba, au upunguze unaowakubali. Mimi nikaenda kwenye ya kwanza kwa sababu haina machozi. Kila mwisho wa Agosti tulikuwa na banda kwenye maonyesho ya jimbo. Wake za maprofesa walipika lefse pale pale, ile mikate yetu myembamba ya viazi, wakaipaka siagi na sukari. Ukitaka mkate, unajaza kadi: jina, anwani, shule. Nikaamua kwamba kila kadi ni maombi ya kujiunga. Hayajakamilika, sawa, lakini ni maombi. Na maombi yasiyokamilika hukataliwa.

Marit, nilimkataa mkulima wa miaka sabini na mmoja kutoka Fergus Falls. Nilimkataa mchungaji wangu mwenyewe, ambaye alikuwa na shahada mbili. Nilimkataa mbwa. Naapa. Kuna bwana alitaka mkate wa pili, akajaza kadi kwa jina la mbwa wake, Rex Tollefson, na chini ya shule akaandika "nyumbani". Rex akapelekewa barua ya heshima: tumepokea waombaji wengi wenye sifa, tunasikitika. Mwenye mbwa aliitia kwenye fremu akaitundika kwenye duka lake la vyakula vya mifugo. Nilipita pale kununua mbegu za ndege, nikajifanya sikuiona.

Kwa kadi hizo, mwaka wa kwanza tukashuka hadi sabini na moja. Wa pili, tukaikaribia sitini. Dakta Whitcomb akaanza kunialika chakula cha mchana.

Kuhusu Haugdal ya leo, hawafanyi tena hivyo. Sheria zimekaza. Usitazame wamekataa wangapi. Waulize namba mbili: katika kila mia walioanza, wangapi walirudi mwaka wa pili, na wangapi walimaliza kwa miaka minne? Nilimtuma Hodan atafute kwenye simu yake. Themanini na wanane wanarudi. Sabini na sita wanamaliza. Hizo ni namba za chuo kinachowajua watoto wake kwa majina. Ningekuwa Linnea, ningeenda.

Hodan amekuja na dawa, nakomea hapa.

Mjomba wako,
Orrin


Duluth
3 Novemba 2024

Mjomba,

Salamu kutoka kwenye sentimita kumi na tano za theluji, ya kwanza msimu huu. Madereva wangu wawili wamegongana wao kwa wao katika uwanja mtupu. Kila mmoja anasema mwenzake alikuwa anakwenda kasi. Wote walikuwa wanarudi nyuma.

Habari ya Rex imefika mbali. Dale ameisimulia dukani, kanisani, na kwa daktari aliyemshona kidole. Hata Linnea amecheka. Akasema, "Angalau mama ana mwenzake."

Nami nilicheka. Kisha nikaisoma tena barua yako mwanzo hadi mwisho, nikaona umenijibu kila kitu isipokuwa nililouliza. Umenipa mkulima, mchungaji na mbwa. Namba yangu hukunipa.

Najua watu wetu. Kwetu mtu akiletewa biskuti anakataa mara mbili ndipo aichukue mara ya tatu, na akiumizwa anasema si kitu, pitisha siagi. Mama alikuwa hivyo, nami nimekuwa hivyo miaka yote. Kwa hiyo kuuliza mara ya pili kumenigharimu kuliko unavyodhani. Nauliza mara ya pili: hesabu yangu ilikuwaje?

Jambo jingine la kuchekesha, ingawa sijui kama linachekesha. Kazi hii mpya ni hesabu tupu. Nina tani mia nne za chumvi ya barabarani, maili mia mbili na kumi na mbili, zamu tatu, na kila nyuzijoto inayoshuka inabadilisha kiasi cha kumwaga. Wiki ya kwanza nilimpelekea Dale karatasi anisaidie. Akaiangalia, akasema, "Marit, umeshaifanya." Kweli nilikuwa nimeshaifanya, kichwani, nikiwa nakoroga kahawa.

Linnea amejaza fomu yote ya Haugdal kwenye kompyuta. Amebakiza kubonyeza. Hajanibembeleza wala hajanuna, anaiacha wazi pale mezani kila jioni, anakwenda kupiga mswaki. Ana ukaidi wa kimyakimya. Sijui kautoa wapi.

Marit


Vesterby
8 Desemba 2024

Mpwa wangu,

Mwandiko huu ni wa Hodan. Kalamu imenishinda na yeye ana mwandiko wa kifalme. Samahani kwa kimya. Nilikuwa hospitali siku kumi na tisa, maji yalijaa kwenye mapafu. Nimerudi. Wenzangu wa mezani walikuwa wameshagawana kiti changu na kijiko changu cha kahawa, imebidi nidai kimoja baada ya kingine. Ziwa limeganda tarehe mbili. Hakuna aliyekisia sawa.

Asante kwa picha ya Linnea. Hodan anasema ana macho ya mtu asiyedanganyika. (Mimi Hodan nathibitisha.)

Naendelea pale nilipoachia. Machi ya mwaka 1988. Waombaji walikuwa elfu moja mia nne na kumi na wawili, pamoja na Rex. Namba hiyo tulikuwa tumeshaituma kwa wachapishaji wa kitabu cha mwongozo wa vyuo, kwa hiyo haikuweza kuongezeka tena hata kwa kadi moja. Kamati ya watu saba, nami nikiwa mmoja wao, ilikaa wiki tatu, ikawakubali mia nane na hamsini na mmoja. Piga hesabu: asilimia sitini na robo.

Nilimpelekea Dakta Whitcomb karatasi. Alikuwa anakula supu.

"Sitini," akasema.

"Tumeshuka kutoka themanini, bwana. Miaka miwili."

"Sitini inaanza na sita, Orrin. Mimi niliwaahidi wadhamini namba inayoanza na tano."

"Kamati imeshapiga kura."

"Barua zimeshatoka?"

"Zinatoka Ijumaa."

Akapuliza supu yake. "Basi una mpaka Ijumaa."

Hakusema zaidi ya hapo. Sitamtwika yasiyo yake. Hakuniambia nimkatae mtu. Nilirudi ofisini nikakokotoa. Wanne. Ukiwaondoa wanne unapata mia nane na arobaini na saba, ambayo ni hamsini na tisa na desimali nyingi sana, na desimali unaziacha zianguke. Asilimia hamsini na tisa.

Nikafungua kabati la mafaili. Nikajiambia nitachagua wale wasioumia. Wa kwanza alikuwa mtoto wa daktari wa Rochester, ambaye alikuwa na nafasi Chicago na alishasema ataichukua. Wa pili, msichana aliyemwambia mhoji wetu kwamba anataka kusoma mahali penye bahari. Wa tatu alikuwa mchezaji wa hoki aliyekwisha kusaini kwingine. Hao watatu hawakupoteza kitu, naamini hivyo mpaka leo. Pengine hata barua zetu hawakuzifungua.

(Mjomba wako ameniambia nifunge barua hapa. Nimemuuliza, "Na wa nne, mzee?" Amesema, "Hodan, mwanangu, mwandikie heri ya sikukuu." Basi: heri ya sikukuu. Hodan.)

Orrin


Duluth
19 Desemba 2024

Mjomba Orrin,

Pole sana kwa kuugua. Ningejua ningekuja. Sikujua kwa sababu hukumruhusu mtu aniambie. Hodan kanieleza kwa simu. Tusigombane kwa hilo.

Sisi wazima. Dale amepika samaki wa Krismasi mapema, nyumba nzima inanuka bandari.

Krismasi hii sitafika. Theluji kubwa inatarajiwa na nina upungufu wa dereva mmoja. Najua ni mara ya kwanza tangu nizaliwe. Ningeweza kumwomba mtu anishikie zamu. Sijamwomba.

Linnea alisoma barua yako baada yangu. Akaweka kidole pale penye wa nne, akanitazama. Nikamwambia akaoshe vyombo. Akaviosha vyote, hata visivyo vichafu, kisha akaja akakaa.

"Mama, si umuulize tu?"

"Nimeshamuuliza mara mbili."

"Uliuliza hesabu. Hukuuliza hili."

"Linnea, yule ni kaka wa mama yangu. Anakufa."

"Ndiyo maana," akasema. "Kesho kutwa utamuuliza nani?"

Miaka kumi na saba, Mjomba. Sijui kama Haugdal watamweza.

Mimi si mjinga, na theluji haijaniingia kichwani. Nadhani ninalijua jibu. Lakini kujua kwa kudhani nimeshajua kwa miaka thelathini na sita, na kilikuwa kitu cha uongo. Safari hii nataka kiwe kwenye karatasi, kwa mwandiko wako, si wa Hodan. Sitaki kisa, wala Dakta Whitcomb na supu yake. Nataka unachokijua wewe peke yako.

Fomu bado iko wazi mezani. Nimemwambia Linnea kwamba nitampa jibu langu nikipata lako.

Zimebaki wiki nne kasoro.

Marit


Vesterby
4 Januari 2025

Marit,

Huu ni mwandiko wangu. Nimechukua siku tatu kuandika ukurasa huu, Hodan akinishikia ubao na kutazama dirishani kama nilivyomwomba. Nilitaka kuanza na salamu, nikazifuta mara mbili. Zipokee hata hivyo: ninakupenda, na mezani siku ya Krismasi kiti chako kilikuwa wazi, na kila aliyeniuliza uko wapi nilimwambia ni theluji.

Nilingoja mama yako atangulie. Nilijiambia nangoja kwa ajili yake, nisimvunje moyo. Si kweli. Borghild angekuja na ule mti wake wa kusukumia lefse na ningeustahili. Nilimwogopa dada yangu, basi. Amefariki miaka miwili sasa na bado ilibidi uniulize mara tatu.

Kuhusu Linnea: mpe ruhusa. Leo anayekaa kwenye kiti changu ni mama mmoja mkali ambaye hachezi na namba. Nimemwandikia Jumatatu barua tofauti, nikamweleza niliyoyafanya 1988, yote, na kwamba akipenda ayachapishe. Sikumtaja Linnea. Asikubaliwe kwa ajili yangu, na asikataliwe kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo zawadi pekee niliyo nayo.

Sasa lile lako.

Mafaili yaliyobaki mezani Alhamisi ile, mchana, yalikuwa mawili. Moja lilikuwa la mvulana wa Bemidji nisiyemjua. Alama zake zilikuwa chini ya zako. Kamati ilimpitisha kwa kura nne dhidi ya tatu, na wa nne huyo alikuwa mimi. Ningeweza kumwondoa yeye na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini baba yake alikuwa mwalimu mkuu. Baba wa namna ile angepiga simu, angetaka kuona karatasi, angeuliza kwa nini. Nikalirudisha faili lake kwenye waliokubaliwa.

Nikabaki na la pili. Nililisoma tena lote. Sikuwa nikitafuta kosa, nilijua halimo. Insha yako ilihusu madirisha ya maktaba. Hesabu ulipata tisini na moja. Ile niliyokwambia Krismasi niliitunga pale pale, nikiwa nimeshika bakuli, kwa sababu ulinitazama na nikahofu kwamba safari hii utauliza.

Hukuuliza. Ulinipitishia viazi.

Watu wote saba walikukubali, Marit, pamoja na mimi. Na barua ya kukukataa niliipiga chapa mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa katika wale mia nane na hamsini na mmoja wewe ndiye niliyekuwa na uhakika kwamba hutaniuliza kwa nini.

Orrin